Bibi Harusi wa Yasunori

Jumanne huwa sifungui mkahawa. Ndiyo siku yangu ya kufua, kunoa kisu cha kukatia tambi, na kumgombeza mdogo wangu Kunihiko kwa sababu vyombo vyake vya kupigia picha vimejaa mpaka kwenye stoo yangu ya unga. Jumanne hiyo ya mwezi wa kumi nilikuwa nimeinamia gunia la soba, unga wa kukandia tambi, yeye kasimama mlangoni na bakuli la chai, tunabishana kwa raha zetu. Jua lilikuwa zuri. Jirani alikuwa ameanika matunda yake kwenye kamba barazani, na milima yetu ya Yamagata ilikuwa imeshika wekundu wa majani kama kila mwaka. Haya ninayoyasema sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo.

"Dada," akasema Kunihiko, "Mama Togashi kaniomba picha ya harusi."

"Nani anaoa kule juu? Kijiji kimebaki wazee watupu."

"Yasunori."

Nikaweka kibaba chini. Yasunori alikuwa mtoto pekee wa Mama Togashi; Togashi ndilo jina la ukoo wao. Alifukiwa na maporomoko ya theluji akiwa na miaka kumi na tisa, na hapo ilikuwa imeshapita miaka kumi na miwili.

Kwetu jambo lenyewe si geni. Kijana akifa kabla ya kuoa, mzazi wake humtengenezea picha, marehemu kavaa nguo za bwana harusi na pembeni yake kakaa bibi harusi, kisha picha hutundikwa hekaluni ili mtoto asihangaike peke yake huko aliko. Sharti ni moja tu. Bibi harusi awe mtu asiyekuwepo duniani, sura ya kubuni na jina la kubuni. Ukimweka aliye hai, marehemu atakuja kumchukua mkewe. Hilo hata watoto wa shule wanalijua.

"Si kuna mzee anayezichora?" nikauliza.

"Amefariki mwaka jana. Na Mama Togashi hawezi kusubiri, Dada. Ana miaka sabini na nane."

Sikuweza kumkatalia. Mwanamke yule ndiye aliyemlaza Kunihiko nyumbani kwake msimu mzima alipokuwa anaanza kazi ya picha, akampikia, akamwonyesha njia ya kupanda kwenye mashamba ya mpunga ya ngazi. Picha ya mashamba yale ndiyo iliyomtoa. Tangu hapo kalenda za nchi nzima zilikuwa zinamtafuta mdogo wangu: mahekalu kwenye theluji, mabonde ya chai, madaraja mekundu, sherehe za taa. Watu wa mijini wanapenda sana kuitazama nchi yao wakiwa wameikalia mbali.

Na katika picha hizo, ukiona msichana, ujue ni Chinatsu. Mwenye mwavuli kwenye daraja ni Chinatsu. Mwenye kimono chini ya maua ya mcheri ni Chinatsu. Huyo ni mtoto wa Kunihiko, mwenye miaka ishirini na sita, niliyemlea mimi tangu mama yake alipofariki, mtoto akiwa na miaka minne. Baba yake siku zote alimpiga picha za mgongo, au za ubavu, uso umegeukia mlima. Alikuwa na sababu zake za kikazi. Alisema uso ukionekana, picha inakuwa ya mtu, na mwenye kuinunua hawezi tena kujiona kuwa ndiye yeye aliyesimama pale.

Wiki ile akakaa kwenye kompyuta akamtengeneza bibi harusi. Macho aliyatoa kwenye picha moja ya zamani, pua kwenye nyingine, mdomo kwenye nyingine tena, akavichanganya na kuvilainisha mpaka hata wenyewe wasingevitambua. Akampa jina la Yukino, kisha akaniita nimtazame.

"Huyu hajazaliwa na mtu," akasema kwa majivuno.

"Mzuri. Ila kakaa kama aliyesahau sufuria motoni."

Tukacheka. Uso ule niliutazama vizuri sana. Nguo sikuziuliza.

Picha ikatundikwa mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja. Siku ya tatu yake, asubuhi, Chinatsu alishuka ngazi kuja kunywa chai, na mimi nikamwona alivyojifunga kimono chake cha kulalia. Upande wa kulia ulikuwa juu ya wa kushoto. Hivyo kwetu havai mtu mzima wa afya yake. Hivyo anavalishwa maiti.

"We mtoto, unataka tukuzike? Hebu vaa vizuri."

Akajitazama, akacheka, akageuza. Nikaona ni usingizi tu.

Kesho yake hivyohivyo. Keshokutwa hivyohivyo. Siku ya nne nikamfunga mwenyewe kabla hajapanda kulala, upande sahihi, na mkanda nikaukaza kwa fundo langu la kamba za magunia ambalo yeye hajui kulifunga wala kulifungua. Asubuhi akashuka. Kulia juu ya kushoto. Fundo langu lilikuwa palepale, halijaguswa.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, na nasema wazi kwamba niliogopa, maana mimi si mtu wa kushtuka ovyo.

Nikaanza kumchunguza. Akikaa mezani aliacha nafasi upande wake wa kulia, hata kama lazima abanane na ukuta. Akijimiminia chai, anamimina na ya pili. Viatu vyake vya ndani nilivikuta vimelowa, na ndani ya kimoja kulikuwa na bonge la theluji. Theluji ilikuwa haijaanguka bado. Milima mizima ilikuwa mikavu.

Mwili wake ukaanza kupoa. Daktari akampima mara tatu kwa vipimo viwili tofauti, akavitikisa, akatuandikia vidonge vya damu. Chinatsu mwenyewe hakulalamika. Alikuwa mpole, anatabasamu mwenyewe, anachana nywele kwa muda mrefu.

Asubuhi moja nikampelekea supu kitandani, Kunihiko akiwa amekaa pembeni yake. Akaionja, akarudisha kijiko.

"Punguza chumvi, Shangazi. Yasunori hapendi chumvi nyingi."

Kunihiko hakuwahi kulitaja jina hilo mbele ya mtoto wake. Mimi pia sikuwahi. Nikamgeukia mdogo wangu. Uso wake ulikuwa umekwisha rangi.

Nikamvuta mpaka ngazini.

"Umefanya nini?"

"Dada, uso niliutengeneza mimi."

"Sikuulizi uso. Nakuuliza umefanya nini."

Akakaa kwenye kidato, akashika kichwa. Akaniambia kwa sauti ambayo nusura nisiisikie. Uso ulihitaji mwili, na mavazi meupe ya bibi harusi si kitu cha kuchora kwenye kompyuta yakapendeza, zile hariri zina mikunjo yake. Akakumbuka picha ya kalenda ya miaka miwili nyuma, bibi harusi anapanda ngazi za hekalu kwenye theluji, kainamisha kichwa, ushungi mweupe umemfunika uso wote. Akautoa mwili ule akauweka kando ya Yasunori. Ndani ya ushungi akapachika uso wake wa kubuni.

"Ni Chinatsu," nikasema.

"Uso hauonekani kabisa, Dada. Niliona kama ni nguo tu."

Nilimpiga kofi. Sikuwahi kumpiga tangu akiwa mtoto wa miaka saba. Hakujikinga. Miaka thelathini ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba mtu asiyeonekana uso si mtu.

Tulimwacha Chinatsu na jirani, tukapanda hekaluni mchana wa siku ileile, mvua inanyesha. Ukumbi wa picha una ukuta mzima wa maharusi, wengine wamechorwa kwa wino enzi za babu zetu, wengine ni picha za kawaida za juzi tu. Wote wamekaa wima, wote wanakutazama. Ya Yasunori ilikuwa karibu na dirisha.

Nilikumbuka vizuri yule msichana wa sufuria. Aliinamisha kichwa, macho chini. Huyu wa ukutani alikuwa ameinua kichwa. Mdomo haukuwa ule, na pua haikuwa ile. Alikuwa Chinatsu, kidevu chake, kovu dogo la tetekuwanga juu ya nyusi. Alikuwa anatabasamu. Mkono wake, uliokuwa umelala pajani, sasa ulikuwa juu ya mkono wa bwana harusi.

Kunihiko akatoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Akarukia picha aing'oe. Haikutoka. Ilikuwa imetundikwa kwa msumari mmoja na kamba, na wanaume wawili, yeye na mtawa wa hekalu aliyekuja mbio, waliivuta na haikusogea.

"Acha," akasema mtawa. "Acha, utamwumiza aliyemo."

Tukaketi sakafuni. Mtawa alikuwa mtu mzima, mwenye mafua, anajifuta pua kila mara. Akamsikiliza Kunihiko mpaka mwisho.

"Mimi hapa ni mtunzaji tu," akasema. "Hii ni ndoa. Aliyeifunga ni mama yake bwana harusi. Yeye anaweza kuifungua, kama mwanawe atakubali. Na mke naye akubali."

"Kama talaka," nikasema.

"Ndiyo, kama talaka."

Basi hilo nalijua. Mimi nimeachika. Mwanamume wangu yu hai mpaka leo, anauza matairi, na nilimtoka kwa karatasi moja tu ya manispaa. Nikamwambia mtawa anisubiri, nikamwendesha Kunihiko mpaka mjini kwenye ofisi ya manispaa, nikachukua fomu ya talaka dirishani. Karani hata hakuinua macho. Ile fomu inataka sahihi ya mume, sahihi ya mke, na mashahidi wawili. Shahidi wa kwanza nikajiandika mimi. Tukarudi hekaluni, nikamsogezea mtawa kalamu.

"Sijawahi kuona fomu ya serikali ikipelekwa kwa marehemu," akasema.

"Utaiona leo. Weka muhuri."

Akauweka.

Kesho yake asubuhi tukapanda kwa Mama Togashi. Tulimkuta jikoni anashindilia figili kwenye pipa la chumvi, mikono myekundu kwa baridi. Alifurahi kutuona, akaanza kutafuta mito ya kukalia. Kunihiko akapiga magoti palepale kwenye sakafu ya udongo, kichwa chini, akamweleza.

Kikongwe akasikiliza huku mkono wake umebaki ndani ya pipa.

"Kwa hiyo Yukino ni mtoto wako," akasema polepole.

"Ni mtoto wangu, Mama. Kosa ni langu. Nirudishie."

"Miaka kumi na miwili," akasema, "kila alfajiri nilimsikia Yasunori barazani anatafuta viatu vyake. Hawakumpata na viatu, mnajua. Anatembea, anasimama, anatembea. Tangu mlipoleta picha ile, kimya. Nimelala, mwanangu. Mara ya kwanza nimelala." Akatoa mkono kwenye pipa. "Sasa mnataka nimtoe mkewe, aanze tena kutafuta viatu."

Nikapiga magoti na mimi. Nina goti bovu, lakini nilipiga, na paji langu likagusa udongo.

"Mama Togashi, huyu nimemlea kwa mikono yangu. Sina mwingine. Wako ameshakufa, nisamehe kwa neno hilo. Wangu bado ana pumzi."

Maji yakachemka kwenye birika, yakamwagika, na hakuna aliyesimama. Kisha Mama Togashi akaingia chumbani. Nikasikia droo. Akarudi na kibweta kidogo, ndani yake muhuri wa jina, ule ambao vijana hupewa wanapomaliza shule ya sekondari. Ulikuwa mpya. Wino haukuwahi kuugusa.

"Nilimnunulia afungulie akaunti, aandikishie nyumba, aolee," akasema. "Hakuwahi kuutumia."

Akaandika jina la mwanawe, akaushindilia muhuri kwa viganja vyote viwili, machozi yanamdondoka kwenye meza. Nilimwonea huruma mpaka nikajichukia. Lakini fomu niliichukua haraka, asije akaghairi.

Tulipotoka uani, nyuma yetu kukasikika hatua barazani. Polepole. Zinasimama, zinatembea. Mama Togashi alikuwa bado jikoni, tunamwona dirishani, kafunika uso kwa aproni.

Tulifika nyumbani saa nne asubuhi. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanza. Chinatsu alikuwa ameketi kitandani, nywele zimechanwa, amejifunga vile. Jirani alikuwa amesimama mlangoni, akaondoka bila kuaga.

Chumba kilikuwa na baridi kuliko nje.

Kunihiko akaiweka fomu mapajani mwa mwanawe, akampa kalamu.

"Weka sahihi hapa, mwanangu. Usiniulize kitu. Weka sahihi."

Chinatsu akaisoma yote, kama anavyosoma kila kitu. Macho yake yalikuwa safi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu aliyepagawa, na sikukuta mtu aliyepagawa.

"Muhuri wake umepinda," akasema. "Mama mkwe alikuwa analia?"

"Chinatsu, tafadhali."

"Siweki, Baba."

"Utakufa."

"Najua."

Kunihiko akashika miguu yake kupitia blanketi. "Kwa nini? Hata humjui. Ni maiti, mwanangu. Ni maiti."

Akamtazama baba yake kwa upole ambao uliniuma kuliko matusi.

"Tangu nina miaka mitano nasimama kwenye picha zako," akanong'ona. "Simama hapo. Geuka. Inamisha kichwa. Theluji ikinifika magotini. Watu wote nchi hii wananijua mgongo." Akapumua. Pumzi haikutoa mvuke, ingawa yetu ilikuwa inatoa. "Yeye ananitazama uso. Siku nzima ananitazama uso."

"Nitakutazama. Nitakupiga picha za uso, nitakupiga kila siku, nakuapia."

"Sasa?" akasema. Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kweli.

Mdogo wangu akaiachia miguu yake. Akafanya alilofanya. Akafungua kidau cha wino, akaukamata mkono wa mwanawe, akalichovya dole gumba, akalishindilia kwenye fomu mahali pa mke. Chinatsu hakupigana. Mimi nilimsaidia. Nilimshika kiwiko, Mungu anajua.

Tukainua dole. Alama ilikuwepo, nyeusi, ya duara. Haikuwa na mstari hata mmoja. Laini tupu, kama ya kijiti.

Tukarudia. Laini. Tukarudia kidole kingine. Laini.

"Basi, Baba," akasema Chinatsu. "Unanichafua mikono."

Nikaenda kuleta maji nimfute. Nilikuwa ngazini niliposikia Kunihiko akiita jina lake, mara moja, kisha tena, kisha tena. Nilipofika, Chinatsu alikuwa amekaa kwa magoti, mgongo umenyooka, mikono imewekwa mbele, ameacha nafasi upande wake wa kulia. Blanketi lililokuwa kwenye nafasi hiyo lilikuwa limebonyea. Ilikuwa bado haijafika saa sita.

Yaliyofuata ni ya msiba, na kila mwenye msiba anayajua. Ila moja nilitaje. Jamaa wa mazishi alituomba picha ya marehemu ya kuweka madhabahuni. Kunihiko akafungua makabati, masanduku, kompyuta mbili. Alikaa humo siku nzima, mimi nasikia droo zinafunguliwa na kufungwa. Katika maelfu ya picha alizompiga hakukuwa na hata moja yenye uso. Tuliikuza ile ya leseni ya udereva. Mtawa alituma ujumbe kwamba picha ya hekaluni ingetufaa kama tungeitaka, maana anatabasamu vizuri. Nikamwambia asinitumie tena ujumbe.

Mama Togashi alikuja mazishini kwa basi la kwanza. Alipita wageni wote akaenda kukaa upande wa wakwe. Hakuna aliyemwinua. Alikuwa amepumzika usoni, mtu aliyelala vizuri, na mimi nilimchukia na kumwelewa kwa wakati mmoja.

Kunihiko hakula. Hakuoga. Tarehe kumi ya mwezi wa kumi na mbili akabeba kamera na stendi yake akapanda peke yake kwenye mashamba ya ngazi, hakuniaga. Alirudi jioni na theluji mabegani. Nilimwuliza amepiga nini. Akasema hakupiga kitu, alisimama tu ukingoni, kwenye shamba la juu kabisa, pale korongo linapoanzia. Hakukuwa na mtu mwingine mlimani, na mbele yake hakukuwa na kitu ila hewa.

Sasa sikilizeni. Nyumba yenye msiba haipokei kadi za mwaka mpya. Mwenye msiba huwaandikia watu wote mapema kuwaambia wasitume, na mimi niliwaandikia wote, majina mia moja na arobaini, kwa mkono wangu. Tarehe mosi Januari, asubuhi, nikaenda kufagia theluji mlangoni. Nikafungua sanduku la barua kwa mazoea tu.

Kulikuwa na kadi moja. Haikuwa na stempu.

Mwandiko niliujua. Ndio niliousahihisha mimi tangu darasa la kwanza. Jina la mtumaji lilikuwa Togashi Chinatsu.

Upande wa pili ulikuwa picha. Mashamba ya ngazi yote, yamelala chini ya theluji, mstari juu ya mstari, mwanga wa asubuhi unaingia kwa ubavu. Miaka ishirini mdogo wangu ameitafuta picha ile na hakuwahi kuipata. Haipatikani, kwa sababu lazima usimame katikati ya korongo, mahali ambapo hakuna pa kusimama. Na juu kabisa, kwenye ukingo, amesimama mwanamume na stendi ya kamera. Kichwa wazi. Theluji magotini. Ametazama mbele, na uso wake unaonekana wote, kila kunyanzi.

Chini kulikuwa na maneno manne.

"Baba, sogea mbele kidogo."

Niliitia kifuani, chini ya nguo. Nilipoingia, Kunihiko alikuwa ameshavaa koti. Ameketi kwenye kidato cha mlangoni anafunga viatu.

"Kuna barua, Dada?"

"Tuna msiba. Nani atatuandikia?"

"Najua. Nimeuliza tu." Akakaza kamba ya kiatu. Alikuwa mtulivu, mara ya kwanza tangu tumzike. "Ile siku nilipokuwa kule juu, unajua, nilihisi nimesimama vibaya. Kama kuna mtu ananisubiri nijirekebishe. Leo mwanga ni mzuri. Naenda kujaribu tena."

Begi la kamera lilikuwa kati yetu. Nikalikalia. Mimi ni mzito, nashukuru. Akanitazama, akangoja. Nikamwambia hatoki mtu humu leo, na kesho hatoki, na keshokutwa. Hakubishana. Alikaa pale kidatoni na viatu vyake, anatazama mlango, na kifuani mwangu ile kadi ikaanza kulowa, maji ya baridi yananitiririka tumboni, kama mtu aliyeficha theluji ndani ya nguo.